Woga wa Kocha Tumeulea Wenyewe

Wapwa zangu,

Malalamiko yenu nimeyasikia tangu Jumapili, ya barazani na ya kijiwe cha bodaboda. Mnasema kocha ametunyima mbuzi wa zawadi ya mshindi. Timu ya Mkuyuni iliongoza bao moja kwa bila mpaka dakika ya sabini. Kisha kocha akamtoa winga, akamwingiza beki wa tano, akawapungia mkono vijana wote warudi nyuma, na dakika ishirini zilizobaki zikawatosha wenzetu kutufunga mawili. Mbuzi kaondoka na kamba yake. Sasa mnataka kocha naye aondoke.

Kwa Waluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kwa wapwa wake. Basi kaeni mnisikilize. Sitawatetea ninyi tu, wala sitamtetea kocha tu.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Mlichokiona uwanjani ni kweli. Winga yule ndiye aliyekuwa akiwazuia mabeki wao wasipande. Kila alipogusa mpira wawili walimfuata, na wawili wanaomfuata winga ni wawili wasioshambulia. Alipotolewa, wale wawili wakawa huru, wakapanda, na krosi zote mbili zilizotuua zilitoka upande ule ule. Aliyekuwa amesimama karibu na kibendera cha kona aliliona hilo bila kuwa na cheti cha ukocha. Kwa hiyo mtu asiwaambie hamjui mpira.

Wala hamkuanza ninyi kulia kilio hiki. Mnaukumbuka usiku wa Januari 21, 2024? Kibanda umiza kilijaa hadi watu wakachungulia kwenye mianya ya mabati. Taifa Stars walikuwa San-Pédro, Ivory Coast, wakicheza na Zambia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika ya 11 Mbwana Samatta akampasia Simon Msuva, Msuva akafunga. Dakika ya 44 Rodrick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Fikirini hali hiyo: tunaongoza, tuko kumi na mmoja kwa kumi, na kipindi kizima cha pili kiko mbele yetu. Nchi hii ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya fainali hizo, si Lagos mwaka 1980 wala Misri mwaka 2019. Ushindi ulikuwa umekaa mlangoni, kazi yetu kuukaribisha tu.

Pungufu walikuwa wao, lakini zilipofika dakika za lala salama waliokuwa wakisukuma mbele ni wao. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka, akatia kichwa. Moja moja. Mle kibandani hakuna aliyepiga kelele. Kijana mmoja alivua kofia, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyofungwa, akaivaa tena.

Hesabu ya kundi lile mnaijua. Morocco ilimaliza na pointi 7, Kongo ya Kinshasa ikapata 3 kwa sare tatu, Zambia 2, sisi 2. Tungeshinda usiku ule na kwenda sare na Kongo kama tulivyokwenda, tungekuwa na pointi 4, nafasi ya pili, na tungeingia hatua ya mtoano. Tulirudi nyumbani tukiwa wa mwisho. Ndiyo maana nasema kuna sare ambayo ni kipigo, isipokuwa tu haiandikwi hivyo kwenye jedwali.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, maana lawama isiyojua kazi ni kelele. Timu ikiwa na mtu mmoja zaidi, faida yake ni nafasi. Unautanua uwanja, unapeleka mpira kushoto, unaurudisha, unaupeleka kulia, na wale kumi wanaukimbilia. Baada ya dakika ishirini miguu yao inakuwa mizito, na hapo pengo linafunguka lenyewe. Ukirudi nyuma umewarudishia kila kitu. Mpira wanao wao, kukimbia hawakimbii tena, na mtu wako wa ziada amesimama ndani ya boksi akiwazibia wenzake. Mkibutua, mbele hakuna wa kuupokea, mpira unarudi. Mkibutua vibaya, ni kurusha au kona. Na kona haihesabu kadi nyekundu. Ndani ya boksi hakuna kumi wala kumi na mmoja, kuna mtu mmoja mrefu aliyeruka kabla yako.

Mpaka hapo tuko pamoja. Sasa kaeni vizuri, maana naanza kugeuka.

Kulinda si dhambi. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, Morocco ya Walid Regragui ilifika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na ilifika kwa kulinda. Kabla ya nusu fainali ilikuwa imeruhusu bao moja tu, tena la kujifunga yenyewe dhidi ya Kanada. Hispania walikaa na mpira muda mrefu wakaishia kutolewa kwa penalti, Ureno wakafungwa moja bila. Lakini wale wakilinda walikuwa na watu wa kukimbia. Ukipoteza mpira kwao, Achraf Hakimi na Sofiane Boufal walikuwa tayari mbioni. Adui hakuthubutu kupeleka watu wote mbele, kwa sababu alijua nyuma yake kuna hatari. Huko ndiko kulinda kwa mpango. Kulinda kwa woga ni pale unapomtoa hata yule anayemtia adui wasiwasi, ukabaki unatazama saa ya mwamuzi.

Kwa hiyo kocha wetu hakukosea kulinda. Alikosea kuacha kucheza.

Lakini kwa nini aliacha kucheza? Mtu huyu tunamfahamu. Alipokuwa kijana alikuwa mshambuliaji, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na sifa hadi Matombo. Woga ule hakuzaliwa nao. Ameupata wapi?

Nitawaambia. Msimu uliopita, nusu fainali, matokeo yakiwa mawili mawili, aliwaacha washambuliaji wawili mbele hadi mwisho, akitafuta bao la tatu. Tukafungwa sisi la tatu. Mlimwita nani siku ile? Mlisema kichwa maji. Mlisema mtu mwenye akili angelinda sare tukaenda kwenye matuta. Wengine mlimfuata mpaka kwake mkiimba, na watoto wake wakiwa mlangoni wanasikia. Hakujibu. Alikwenda kulala, na somo lenu akalishika. Jumapili hii alifanya kile kile mlichosema mwaka jana kwamba alipaswa kukifanya. Mnamlilia mwanafunzi wenu.

Na hili si la Mkuyuni peke yake. Juni 27, 2019, mjini Cairo, Taifa Stars waliongoza mara mbili dhidi ya Kenya. Msuva alifunga mapema, wakasawazisha. Samatta akafunga, wakasawazisha tena. Kisha Michael Olunga akaweka la tatu, tukalala tatu mbili. Kocha Emmanuel Amunike, mtu aliyeifikisha nchi kwenye fainali baada ya miaka 39, mwezi uliofuata hakuwa na kazi. Oktoba 2021 Simba walikwenda Botswana wakaifunga Jwaneng Galaxy mbili bila, wakarudi Uwanja wa Mkapa na mtaji huo, wakatangulia hata kufunga nyumbani, kisha wakafungwa tatu wakatolewa kwa bao la ugenini. Siku chache baadaye kocha Didier Gomes akaaga.

Mwalimu mwingine aliyekaa kwenye benchi la nchi hii akiyatazama hayo anajifunza nini? Anajifunza kwamba bao la kufungwa ndilo linalofukuza watu kazi. Bao ambalo timu haikulifunga halimfukuzi mtu, kwa sababu hakuna aliyeliona. Akishambulia akapoteza, kosa ni lake. Akilinda akapoteza, kuna bahati mbaya, kuna mwamuzi, kuna beki aliyelala. Mwenye watoto wa kulisha atachagua nini? Hata pale San-Pédro tuwe waungwana. Kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa na shirikisho la Afrika mechi nane kwa maneno yake dhidi ya Morocco, na Hemed Suleiman na Juma Mgunda wakakabidhiwa timu siku mbili tu kabla ya kucheza na Zambia. Mtu aliyeshikishwa usukani njiani hakimbizi gari.

Mtanijibu kwa methali ya wahenga, kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Ni methali nzuri, nami sibishani na wahenga. Lakini kunguru yule anakimbia mwewe. Akimkimbia kifaranga hatusemi ana busara.

Sasa niwape kisa cha upande wa pili, nanyi mkipime. Julai 1982, mjini Barcelona, Brazil ya Telê Santana ilikuwa inahitaji sare tu dhidi ya Italia ili iende nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ikafungwa, ikasawazisha, ikafungwa tena, ikasawazisha tena kwa bao la Falcão. Mbili mbili, dakika zimebaki kama ishirini, sare iko mkononi. Hawakurudi nyuma. Paolo Rossi akafunga la tatu, Brazil ikatoka. Mpaka leo wapo wanaosema angelinda. Lakini mwaka 1986 ni Telê Santana huyo huyo aliyepewa tena timu ile kuipeleka Mexico, na kila wazee wa mpira wanapotaja timu nzuri zisizobeba kombe, ile ya 1982 haikosekani. Watu walikubali kwamba mtu anaweza kupoteza mechi bila kupoteza heshima. Panapokubaliwa hivyo ndipo makocha jasiri huzaliwa. Pasipokubaliwa, mtapata walinzi wa sare.

Na sisi uhodari tumewahi kuwa nao. Mwaka 1979, wakati habari za mpira tukizipata kwa Radio Tanzania, Simba walifungwa nyumbani na Mufulira Wanderers wa Zambia mabao manne kwa bila. Nchi nzima ilizika. Wakaenda Zambia kwenye marudiano wakashinda tano bila. Mwaka huo huo Taifa Stars walikuwa wameshinda moja bila Dar es Salaam, wakaenda Ndola wakatanguliwa, na dakika za mwisho Peter Tino akasawazisha, tukafuzu kwenda Lagos. Joel Bendera, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Morogoro, alikuwa kwenye benchi la ufundi la timu ile. Na msisahau kwamba mkoa huu umewahi kuchukua ubingwa wa nchi: Mseto mwaka 1975, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000.

Lakini kwenye mechi zile mbili za Zambia kuna jambo la kulitazama. Ujasiri ulikuja tulipokuwa nyuma. Tukiwa hatuna cha kupoteza tunakuwa simba kweli; tukipata kabao kamoja ka kulinda, tunajikunja. Mpira wenyewe umekataa tabia hiyo. Ndiyo maana ushindi ulipandishwa kutoka pointi mbili kuwa tatu. Sare mbili ni pointi mbili. Ushindi mmoja na kipigo kimoja ni pointi tatu. Aliyepoteza mara moja akitafuta yuko juu ya yule ambaye hakupoteza kabisa.

Wapwa zangu, mngekuwa mashabiki tu ningeishia hapo. Lakini ninyi ni vijana wa Mkuyuni, na ugonjwa huu hauishi uwanjani.

Kuna mwenzenu mmoja hapa, simtaji, alipanda pilipili manga kwenye shamba la mama yake. Aliitafuta miche mwenyewe, akaiegesha kwenye miti ya kivuli, akasubiri miaka mitatu bila kuvuna punje, na alipoanza kuvuna bei ikawa imeanguka. Hasara ile ingeweza kumpata yeyote. Ninyi mlimpa jina, mkamwita Tajiri wa Manga. Akipita na ndoo ya maji, Tajiri wa Manga. Akikopa sukari dukani, Tajiri wa Manga. Mwaka uliofuata bei ikapanda, na mipilipili manga ile ilikuwa bado imekumbatia miti yake, lakini yeye alikuwa Dar es Salaam anabeba mizigo Kariakoo. Hakukimbia hasara. Alikimbia midomo yenu.

Baada ya hapo nani amepanda kitu kipya hapa? Kila mmoja ana migomba yake na mananasi yake kama babu yake, na anasema anangoja aone. Binti aliyemaliza chuo kikuu cha Sokoine alirudi na maarifa ya kukausha matunda, akauliza kama kuna watu watano wa kuungana naye. Mlicheka kwanza, mkauliza baadaye. Kijana aliyetaka kurudia mtihani wa kidato cha nne aliacha kwa sababu alijua akifeli mara ya pili jina lake linamsubiri. Ninyi mnaomlaani kocha kwa kumtoa winga mmekwisha kuwatoa mawinga wangapi hapa kijijini?

Basi haya ndiyo ninayowausia.

La kwanza, mpimeni mtu kwa kile alichokijua wakati anaamua, si kwa matokeo mliyoyaona ninyi baadaye. Jumapili saa kumi na moja jioni hakuna kati yenu aliyepiga kelele winga asitolewe. Nilikuwepo. Mlipiga makofi mlipomwona beki anavua tisheti ya mazoezi, kwa sababu nanyi mlikuwa mnaitaka filimbi ya mwisho. Hasira yenu ilizaliwa dakika ya themanini na tisa. Uamuzi mbaya unaweza kuleta ushindi na uamuzi mzuri unaweza kuleta kipigo. Asiyeweza kuvitenganisha hivyo viwili hatajifunza kitu kwenye mpira wala kwenye biashara.

La pili, mkiwa mbele endeleeni kufanya kile kilichowafikisha mbele. Aliyepata kazi asiache kusoma. Aliyepata mtaji asiufungie kwenye kibubu akauangalia ukiliwa na bei za vitu. Lindeni, ndiyo, lakini bakisheni mtu mmoja mbele wa kumtia adui wasiwasi. Na usiweke kila kitu rehani kwa jina la ujasiri. Kipa hapandi kwenye kona dakika ya ishirini. Ujasiri una hesabu zake, na hesabu hizo ni bora zifanywe kabla ya mechi, mkiwa mmetulia.

La tatu, na ndilo kubwa, jifunzeni kumheshimu aliyepoteza akijaribu. Simsemei mzembe. Asiyekuja mazoezini akapoteza, huyo mwambieni ukweli wake. Nasema aliyejiandaa, akapima, akaenda mbele, na mambo yakamgeukia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyemwachia mwenzake nafasi ya kushindwa asitegemee kumwona akishindana.

Kocha hafukuzwi. Nimeshamwita, tutazungumza yeye na mimi, na nitamwambia kuhusu yule winga, kwa sababu mtu mzima hasemwi mbele ya vijana. Kazi iliyobaki ni yenu. Wale mlioimba mlangoni kwake mwaka jana mnajijua. Nendeni kwake kabla ya mazoezi ya Jumamosi, mkamwombe radhi, hasa mbele ya watoto wake, kwa kuwa wao ndio waliosikia. Mwulizeni mpango wake wa msimu ujao na msikilize hadi mwisho. Kisha mwambieni wazi, kwa midomo ile ile, kwamba tukiwa mbele tunataka aendelee kucheza, na kwamba akicheza tukapoteza hamtampa jina.

Na siku hiyo ikifika, maana itafika, akashambulia na tukafungwa dakika ya mwisho, nataka nimwone mmoja wenu anaingia uwanjani wa kwanza na kumpa mkono. Nitakuwepo, na nitahesabu waliokwenda na waliobaki wamekaa.

Mjomba wenu,
Mkuyuni